Nusu Saa ya Dereva

Miezi miwili ya mwanzo nilidhani mama mwenye nyumba wangu ni mjane. Nilikuwa nimepanga chumba cha uani kwake, Tabora mjini, na kila nilipopita ukumbini niliona kiti kimoja ambacho hakikaliwi, na juu ya kabati boksi la viatu ambalo mama alilifuta vumbi kila Ijumaa. Nikajiambia: kiti cha marehemu, viatu vya marehemu. Nikawa napita pale kwa adabu ya msibani.

Siku moja jioni nikakuta mwanamume amelala ukumbini. Hakuwa amejinyoosha. Alikuwa ameketi sakafuni, mgongo umenyooka ukutani, mguu wa kushoto umetangulia mbele kama unakanyaga kitu. Nikarudi uani haraka.

"Mama, kuna mgeni ndani."

Mama alicheka hadi akaweka ungo chini. "Mgeni! Huyo ndiye mwenye nyumba. Nenda ukamsalimie kabla hajaondoka."

Nikaenda. "Shikamoo."

Akafungua jicho moja. "Marahaba. Wewe ndiye Mpangaji?"

"Ndiyo, Mzee."

"Basi wewe unaishi hapa kunizidi mimi. Hebu niambie, siku hizi maji yanatoka?"

Ndivyo tulivyofahamiana, na kwa miaka yote iliyofuata hakuwahi kuniita jina lingine. Mimi nilikuwa Mpangaji, hata vipindi nilivyokuwa nimehama. Yeye alikuwa Dereva. Wanaoendesha magari mtaani kwetu ni wengi, lakini ukimwambia mtoto yeyote akupeleke kwa Dereva, atakuleta mlangoni kwetu bila kuuliza yupi.

Inafaa nijieleze kidogo, kwa sababu mambo yake na yangu yalikuja kufungamana. Niliacha shule darasa la sita kwa sababu ya dawati. Ada ilikuwepo na walimu hawakunionea. Nilishindwa tu kukaa. Tangu hapo nimenunua asali kwa warinaji wa misitu ya Urambo, nimeuza mitumba Nzega, nimepakia tumbaku, nimekaanga chipsi, na kila mahali niliondoka siku ambayo watu walianza kunizoea. Nilipogundua kwamba ninaishi nyumba moja na mtu ambaye kazi yake ni kwenda, niliona nimefika kwa mwalimu wangu. Nilimsubiri kila safari kwa maswali. Kigali pakoje? Na Bujumbura? Huko Lubumbashi wanakula nini?

Akanivunja moyo mapema. Kigali kwake ilikuwa yadi ya kushushia mzigo yenye bomba la maji kushoto. Bujumbura ilikuwa foleni. Miji aliijua kwa mizani, vituo vya mafuta na matuta, na tuta moja karibu na Manyoni alilitaja kwa chuki ambayo watu wengine huiweka kwa shemeji zao. "Mpangaji," aliniambia, "mimi nimetembea nchi sita nimekaa."

Aliporudi nyumbani alikuwa mtu aliyepotea. Aliniuliza mimi, mtu wa kuja, fundi cherehani wake alihamia mtaa gani, na fundi huyo alikuwa amehama miaka mitatu nyuma. Kiti chake cha ukumbini hakukikalia kwa sababu kilikuwa laini na hakikutikisika. Usingizi wake ulitaka ukuta mgumu. Mkewe alijaribu kumlaza kitandani kama watu. Kila alfajiri alimkuta ameshateremka, yuko sakafuni, mguu unakanyaga klachi isiyokuwepo.

Barabarani alikuwa na subira ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Nyumbani alikuwa na haraka ya ajabu. Chai ikichelewa alisimama, akakaa, akasimama, akauliza kama mkaa umekwisha Tanzania nzima. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba siku zake za nyumbani zilikuwa mbili, au moja na nusu, na alitaka kuzitumia zote kwa mara moja.

Garini alivaa malapa ya mpira, ya aina ileile mwaka hadi mwaka. Viatu vya kwenye boksi vilikuwa vyeusi, vya ngozi, vya kufunga kamba, alivyovinunua Dar es Salaam zamani, na nyayo zake zilikuwa bado zina karatasi ya dukani. Nilimuuliza kwa nini havivai.

"Hivyo ni vya kushukia," akasema. "Siku nikishuka kwenye gari moja kwa moja, nitavivaa, nitoke hapa kwa miguu hadi msikitini, msikitini hadi sokoni, polepole, kila mtu anione kwamba nina miguu."

"Na sasa ukienda msikitini?"

"Sasa naenda na malapa. Mimi ni msafiri."

Katika gari alikula matobolwa. Mkewe alichemsha viazi vitamu, akavianika mpaka vikawa kama ngozi, akamjazia kopo la kutosha kufika pwani na kurudi. Maji alikunywa machache sana. Maji ni kusimama, alisema, na kusimama ni simu. Tajiri wake, ndivyo madereva wanavyomwita mwenye gari, alikuwa amefunga kifaa cha kufuatilia, na kule Dar aliliona lori kama nukta kwenye kioo cha simu. Nukta ikitulia, alipiga. Nilisikia mwenyewe siku moja nilipopanda naye kutoka Nzega.

"Dereva, mbona umesimama?"

"Nakojoa, tajiri."

"Dakika kumi na mbili?"

"Tajiri, umri huu tunakojoa kwa awamu."

Akakata simu, akanigeukia akiwa hacheki. "Zamani mababu zetu wamepita njia hiihii na pembe za ndovu mabegani hadi pwani. Watu wanawahurumia. Lakini pagazi akichoka alitua mzigo, akakaa juu yake, akavuta tumbaku. Mimi nitautua wapi huu? Mimi mzigo ndio ulionibeba."

Msemo wake mwingine ulikuwa "gari halina Ijumaa". Mwingine, "dereva ni mlinzi anayesogea". Lakini aliousema kuliko yote ni huu: "Nusu saa yangu haijaisha." Ukimuuliza ataacha lini kazi, hilo ndilo jibu. Ukimuuliza amefanya kazi miaka mingapi, hilohilo. Nilidhani ni mzaha wa kizee mpaka aliponisimulia ulikotoka.

Ujanani alikuwa seremala. Alikuwa ametengeneza milango miwili ya mninga ya mteja wa Nzega, akaomba lifti kwenye lori. Njiani lori likafa. Dereva wa lori lile, mtu mzima, akashuka, akakata matawi akayapanga barabarani kuwaonya wenye magari, kisha akamwambia, "Kijana, kaa humu uniangalizie mzigo. Nusu saa tu, naenda kutafuta fundi." Simu za mkononi zilikuwa hazijaja. Seremala akakaa. Nusu saa ikapita, siku ikapita. Angeweza kuondoka, lakini alikuwa ameambiwa akae, na mzigo wa mtu hauachwi. Aliomba maji kwa wapita njia. Siku ya tatu akaja tajiri mwenyewe na gari dogo na fundi.

"Wewe ni nani?"

"Nimeambiwa nikae."

"Dereva wangu yuko wapi?"

"Amekwenda kutafuta fundi."

Tajiri akatazama pori kushoto, akatazama pori kulia. "Unajua kuendesha?"

"Kidogo, tajiri."

"Basi kaa hapohapo."

Na milango ya mninga? Aliifikisha, kwa lori lile lile, akiwa usukanini. Hakutengeneza mlango mwingine maisha yake yote. Tajiri yule amekwishafariki, na huyu wa nukta ni mwanawe, aliyerithi magari pamoja na Dereva ndani yake.

"Na yule dereva hukumwona tena?"

"Nilimwona." Alikuwa amemkuta Nzega, miaka mingi baadaye, ana duka lake na mashine ya kusaga pembeni. Hakumtambua. Dereva alinunua sukari kilo moja, akapokea chenji, akatoka.

"Hukumwambia kitu?"

"Nimwambie nini? Alikuwa na kitambi kizuri. Wajukuu wanamchezea mgongoni." Akatafuna tobolwa. "Ningekuwa mimi ningekwenda kama yeye? Sijui. Ninachojua ni kwamba hakuniuliza."

Sasa ona ukinzani wa mtu huyu. Kwenye kijiwe cha kahawa, vijana wachache waliobaki na hamu ya magari makubwa walimfuata awafundishe. Aliwahoji kama mshenga.

"Una mke?"

"Sina, Mzee."

"Unataka kuoa?"

"Nataka."

"Basi kanunue bodaboda. Mwenye bodaboda analala kwake."

Kijana akaondoka. Kikombe hakijapoa, Dereva akaanza kulalamika kwamba madereva wamekwisha, vijana wa siku hizi wanaogopa gari, nchi itasimama. Muuza kahawa akamtazama. "Na huyo uliyemfukuza sasa hivi alikuwa nani, fundi saa?"

Watu wakacheka, na Dereva naye akacheka, lakini lalamiko lake lilikuwa la kweli. Yadi ya tajiri ilikuwa na malori mazima yaliyoegeshwa, majani yameota katikati ya matairi, kwa kukosa mtu. Wenzake walikuwa wameondoka mmoja mmoja. Mmoja, Mmoraviani mpole aliyekuwa akiimba safari nzima, alishuka akaenda kulima bustani ya mboga upande wa Kipalapala. Mmoja alikwenda kuendesha Uarabuni, kwenye mishahara mikubwa. Mmoja mgongo ulimkatikia. Waliobaki walichukuliwa na matajiri wengine kwa kugombewa, na waliokuja wapya walimaliza miezi mitatu wakaona foleni ya mpakani, wakarudi makwao na mabegi.

Naye alikuwa anachoka. Miguu ilivimba. Macho yalianza kumsaliti, akawa anaegesha kabla jua halijazama na kusingizia tairi. Mara tatu alimwambia tajiri anataka kushuka, na mara tatu alijibiwa vilevile: "Nitafutie mtu, ushuke." Haikuwa dharau. Nadhani tajiri mwenyewe alikuwa amefungwa na mikopo na mikataba ya mizigo. Lakini mlango ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa na sura ya mtu. Lete mtu, ushuke.

Mtu huyo aliamua ni mimi.

Hakusema. Alianza kunifundisha tu, siku alizokuja na gari tupu, kwenye uwanja nje ya mji. Aliyewafukuza vijana wa watu hakunifukuza mimi, na nilijivuna. Alinifundisha kusikiliza gia badala ya kuitazama, kurudisha tela nyuma kwa vioo, kushuka mlima kwa gia uliyopandia. Hakunipigia kelele hata mara moja. Nilikwenda kozi, nikapata leseni ya magari makubwa, nikaiweka mfukoni na kuwaonyesha watu kwenye vijiwe. Dereva aliishika kwa ncha za vidole kama cheti cha mtoto wake. "Imetoka vizuri picha," akasema.

Kisha nikafuatana naye safari moja hadi Rusumo, mpakani na Rwanda. Niliota mipaka, lugha, vyakula. Nilichokiona ni mgongo wa lori la mbele. Tulikaa kwenye foleni siku sita, na siku zote sita nikatazama maandishi ya tela moja, mpaka nikaota nayo. Usingizi humohumo garini, choo cha kulipia, ukienda mbali mita hamsini unaogopa foleni isije ikasogea. Dereva alikaa tuli, anatafuna. Mimi siku ya tano nilitoka nikakimbia barabarani kwenda na kurudi, kama mwendawazimu, madereva wananipigia makofi. Ilikuwa lile dawati la darasa la sita, limerudi na injini.

Tuliporudi Tabora nilimwambia nimepata dili la asali, nitaondoka kidogo. "Nenda," akasema, na akaangalia pembeni. Tangu hapo kila tulipoonana aliuliza swali moja tu kwa sauti nyepesi, kama anayeuliza hali ya hewa: "Leseni unayo?" Nami nikajibu, "Ninayo, Mzee." Hatukuendelea zaidi.

Ana mabinti wawili. Wa kwanza aliolewa Dereva akiwa Tunduma, kontena limekwama. Kwetu Waislamu baba ndiye anayemwozesha binti, au anampa mtu mwingine uwakili. Alitoa uwakili kwa simu. Sheikh aliweka sauti kubwa, simu ikawekwa juu ya mkeka katikati ya wazee, na sauti ya Dereva ikasikika ikikatika-katika, nyuma yake honi za malori. Amu wa binti akashika mkono wa bwana harusi. Watu walisema ndoa imetimia, na ilitimia. Dereva aliniambia kwamba alipomaliza kusema, foleni ikasogea, ikabidi aendeshe, akaendesha huku analia.

Binti wa pili, Mwajuma, alikuwa ameketi karibu na simu ile siku ile, msichana mdogo. Alipoposwa alisema neno moja mbele ya kila mtu: "Mimi siolewi kwa simu. Baba asipokuwepo, wageni wale pilau warudi kwao."

Dereva akaomba ruhusa mapema kuliko alivyowahi kuomba kitu. Tajiri akakubali: apeleke mzigo mmoja wa sukari Kigoma, apite Tabora Alhamisi, aegeshe, dereva wa kumpokea aje kwa basi kuendelea nao. Ndoa ilikuwa Jumapili baada ya alasiri.

Alhamisi saa tisa simu ikalia nyumbani. Gia boksi imekufa. Yuko Kigwa.

Kigwa kutoka kwetu, kwa bodaboda asiyejipenda, ni nusu saa na kidogo. Mama aliposikia alikaa kwenye kiti kile cha ukumbini, kwa mara ya kwanza nimuone amekikalia. Ijumaa dereva wa kupokea hakutokea. Jumamosi tajiri akasema yule kijana amechukuliwa na kampuni nyingine, anatafuta mwingine. Mzigo wa sukari hauachwi barabarani, na utingo wa gari alikuwa amekwishatoroka tangu Morogoro. Na maneno ya tajiri yalikuwa wazi: "Ukiacha mzigo wa watu, usirudi, na tutaonana kwa sheria."

Jumapili asubuhi Mwajuma alikuwa ndani, mikono ina hina, hasemi na mtu. Mama akanijia uani na hotipoti ya chakula, kanzu iliyopigwa pasi, na boksi la viatu.

"Mpelekee," akasema.

"Na nimwambieje, Mama?"

"Usimwambie kitu. Mpelekee."

Nilimkuta ameketi kwenye kivuli cha tela. Matawi aliyopanga barabarani yalikuwa yamekauka na kugeuka rangi ya udongo. Alikuwa amenyoa ndevu kwa kioo cha gari na kujikata kidevuni. Nikamwamkia. Nikamkabidhi chakula, akaweka pembeni. Nikamkabidhi kanzu. Nikamkabidhi boksi, akalifungua, akaitoa karatasi ya dukani kwenye nyayo, akaikunja vizuri.

Nikamngoja aombe. Hakuomba. Akatazama barabara upande wa Tabora kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ileile nyepesi, "Leseni unayo?"

"Ninayo, Mzee."

Lori la mbao likapita, dereva wake akapiga honi ya pole.

"Nenda, Mzee," nikamwambia. "Nitakaa mimi."

"Mpaka magharibi."

"Sema nusu saa." Nilitaka kumchekesha.

Hakucheka. "Neno hilo mimi simwambii mtu," akasema. Akavaa kanzu nyuma ya tairi, akafunga kamba za viatu, akaniachia funguo na simu ya gari, kwa sababu isipopokelewa ingeleta balaa. Akapanda bodaboda iliyonileta, akakaa upande kama mwanamke kwa ajili ya kanzu, na hakugeuka nyuma.

Nikapanda kwenye kiti chake. Kilikuwa kimebonyea umbo lake, na mwili wangu haukulingana nalo. Nilikuwa kama nimevaa shati la mtu. Kopo la matobolwa, tasbihi kwenye kioo, picha ya mabinti wawili wakiwa wadogo, rangi imeliwa na jua. Saa ya kwanza nilihesabu malori. Saa ya pili nikashuka, nikazunguka gari, nikapanda. Wazo likanijia ambalo bila shaka lilishawahi kumjia yeye karibu na hapo, miaka ile: ikiwa harudi? Na nikagundua kwamba nilikuwa naliombea. Nilitaka asirudi. Nilitaka aone pilau, aone viatu vyake chini, abaki. Halafu papo hapo nikautazama mlango wa gari, kwa sababu asiporudi, aliyekaa humu ni mimi.

Saa tisa simu ikalia.

"Dereva."

"Dereva amekwenda kuswali, tajiri." Haukuwa uongo mzima.

"Wewe nani?"

"Mpangaji wake."

"Mpangaji. Una leseni?"

Sijui kwa nini sikudanganya. "Ninayo. Ya magari makubwa."

Sauti yake ikabadilika. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka anayeona kiti. "Sikiliza, ndugu yangu. Fundi anafika kesho na gia boksi. Mzee najua yuko wapi, mimi si mtoto. Binti anaolewa. Macho yake nayo najua. Wewe kaa hapohapo, gari litakuwa lako, yeye nitamlipa haki zake apumzike kwa heshima. Nimetafuta mtu mwaka mzima. Unasemaje?"

Kaa hapohapo. Maneno yaleyale, kutoka kwa mtoto wa yuleyule. Mtu mmoja akisema ndiyo, mzee wa watu anashuka leo, akiwa tayari amevaa viatu. Neno dogo. Nililiweka kwenye ulimi na halikutoka.

"Nitakujibu Mzee akirudi," nikasema.

"Akirudi?" Tajiri akacheka kidogo, bila ubaya. "Haya."

Jua lilikuwa bado liko juu ya miti nilipoiona bodaboda. Nilitambua kanzu kutoka mbali. Alishuka na hotipoti nyingine, ya pilau, uso wake unang'aa kama wa mtu aliyetoka kuoga.

"Nimemwozesha," akasema. "Kwa mdomo wangu. Nimemshika mkono yule kijana mimi mwenyewe, Mpangaji! Mwajuma amelia, mama yake amelia, na mimi nimetembea kutoka msikitini hadi nyumbani kwa miguu."

"Kwa nini umerudi, Mzee?"

"Nilisema magharibi."

"Tajiri amepiga."

Furaha haikumtoka usoni, ila ilisimama. Nikamweleza yote, neno kwa neno, nikiwa bado nimekaa juu, yeye chini, mkono wake kwenye ngazi ya gari.

"Ukamjibuje?"

"Sijamjibu."

Akatazama viatu vyake. Najua alichokitazama, na yeye alijua kwamba najua. Angeweza kugeuka tu. Bodaboda ilikuwa bado inanguruma, na mimi nilikuwa nimekwishakaa.

"Unataka?" akaniuliza.

Nikatazama usukani.

"Mimi sikuulizwa," akasema. "Wewe nakuuliza. Unataka kazi hii?"

Niliona uwanja tuliojifunzia, na vidole vyake vimeishika leseni yangu. Niliona pia ile tela ya Rusumo. "Sitaki, Mzee," nikasema, na sauti yangu ilitoka kama ya mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu.

Akatikisa kichwa taratibu, kama fundi aliyeambiwa bei ya mbao na kukuta ndiyo aliyoitegemea. "Basi shuka."

Nikashuka.

Akaketi kwenye ngazi ya gari, akafungua kamba, akavua viatu kimoja kimoja, akavigonganisha kutoa mchanga. Akavaa malapa. Akaviweka viatu kwenye boksi, akanipa.

"Mwambie mama nimekula," akasema, ingawa hotipoti ilikuwa haijafunguliwa. Kisha akapanda, akakaa, na kiti kikampokea bila kelele.

Nyumbani wageni walikuwa wanaaga. Mama alilichukua boksi mlangoni, akalifungua, akageuza kiatu kimoja akatazama wayo wake, uliokuwa na vumbi jekundu la mtaa wetu hadi kwenye mishono. Akanyoosha kitambaa chake cha Ijumaa kama anayetaka kufuta, akasita.

"Angalau vimekanyaga," akasema, akafunga boksi, akalirudisha juu ya kabati.